Kidude cha waifai cha Malindi, nyota mbili

Kidude hiki cha USB nilikinunua Malindi mjini, boksi limeandikwa Linux, mfumo endeshi wa laptopu yangu, na tiki ya kijani, kumbe ndani ni sidii ya draiva (programu ya kukiendesha kidude) ya zamani na laptopu yangu haina hata pa kuingizia sidii! Kikashika wiki mbili, nikaapdeti kerneli, kile kiini cha Linux, kwisha, taa ya buluu inawaka mtandao hakuna. Kampuni iliyokitengeneza yasema uliza watu wa Linux, nao wanasema draiva haikuletwa iingie kwenye kerneli, kwa hiyo kerneli ikibadilika inavunjika, na hapo nawaelewa. Hata Nvidia, kampuni ya chipu za picha, Torvalds aliyeanzisha Linux aliitukana hadharani 2012, mpaka 2022 ndo ikafungua kwa watu wote msimbo wa moduli zake za kerneli, yaani vipande vya draiva vinavyokaa ndani ya kerneli. Muuza duka lakini muungwana, kanirudishia nusu ya pesa na kahawa tungu juu.