Kibanda cha kurekodia sauti nilichojengewa Uyole: useremala safi, ahadi iliyozidi

Kwa miaka miwili nilirekodi matangazo na hadithi za watoto nikiwa nimejifunika blanketi mbele ya kabati la nguo, hadi Machi mwaka huu nilipompa kazi seremala mmoja wa hapa Mbeya, ambaye sitamtaja jina, anijengee kibanda cha kurekodia kwenye kona ya chumba changu. Tulikubaliana shilingi 900,000 pamoja na vifaa, na kazi ilikamilika kwa siku sita.

Useremala wenyewe sina la kuulaumu. Fremu ni ya mbao za paini kutoka Mafinga, zilizokauka vizuri na kupigwa randa pande zote. Kuta ni plaiwudi ya milimita 12, na kwa ndani zimebandikwa sponji ya sentimita 5. Mwangwi umekwisha: nikipiga kofi humo ndani mlio unakatika papo hapo, na maneno yenye "s" na "sh" hayaachi tena ule mkia ulionikera niliposomea sebuleni.

Kasoro ni kwamba fundi aliniuzia kibanda "kisichoingiza sauti", na hicho sicho alichojenga. Sponji hunyonya sauti iliyomo ndani isirudi kwenye maikrofoni. Sauti ya nje huzuiwa na uzito wa ukuta na kuzibwa kwa kila upenyo. Hapa Uyole malori ya Tunduma hupita usiku na mchana, na mengine hukata kona kuelekea Tukuyu, na mngurumo wao ni wa chini mno kwa sponji nyembamba kama hiyo: sauti inayotetema mara 100 kwa sekunde ina mawimbi yenye urefu wa takriban mita 3.4. Katika rekodi yangu ya kwanza lori lilisikika wazi likibadilisha gia pale sungura anapomdanganya fisi. Mvua ya Aprili ilipoanza kupiga mabati, nilizima kompyuta nikaenda kunywa chai.

Usiku mmoja nilizima taa, nikaingia na kujifungia, kisha mdogo wangu akamulika tochi kutoka nje. Chini ya mlango ulionekana mstari wa mwanga mwembamba kama uzi, na mwingine upande wa bawaba. Panapopita mwanga, hewa hupita, na sauti nayo hupita. Nilipomweleza fundi alirudi bila kinyongo, akazungushia mpira kwenye fremu ya mlango na kuongeza plaiwudi ya pili kwa nje, nami nikalipia mbao tu. Malori sasa yanasikika kwa mbali, ingawa hayajaisha.

Hewa ndiyo aliyoisahau kabisa. Julai, kwa baridi yetu, nusu saa humo ndani inavumilika, lakini baada ya mlango kuzibwa dakika ishirini za Oktoba zilinitoa jasho hadi karatasi ikanata mkononi. Kilihitajika kijia cha hewa chenye kona mbili, kilichobandikwa sponji ndani.

Ninampa nyota tatu kati ya tano. Anayeishi mbali na barabara kuu amwite bila wasiwasi. Jirani zangu wa Uyole wadai kijia cha hewa na plaiwudi mbili tangu mwanzo, na wasimalize malipo kabla ya kujifungia ndani na tochi ikiwaka nje.