Mikindani baharini au Newala shambani? Tumelala kote kote

Desemba mwanzoni kaka alikuja na familia toka Dar, jumla tukawa watu wanane, tukagawa siku: mbili nyumba ya ufukweni Mikindani, tatu nyumba ya shambani kule Newala, kwenye mikorosho, zote mkoa wa Mtwara.

Ya Mikindani kwa macho nzuri sana jamani, vyumba vinne, baraza inatazama bahari, Boma la Mjerumani la 1895 unalifikia kwa miguu. Laki mbili na nusu kwa usiku, chakula juu yenu. Ila watoto walikuja na hamu ya kuogelea na mchana maji yalikuwa yamekupwa, mbele ni matope tu, ikabidi tuwapeleke Msimbati kwenye mchanga mgumu ambao hata gari linapita. Usiku wa pili pampu ikafa, mtunza nyumba simu haipatikani, mama yangu na miaka yake sabini anaoga maji ya chupa. Na asubuhi tunaondoka tunadaiwa hela ya usafi ambayo hatukuambiwa, hili liliniuma kuliko pampu.

Newala ni elfu thelathini kwa kichwa na chakula humo humo, piga hesabu mwenyewe. Choo cha nje, na maji ni ya mvua ya kwenye kisima, ndoo moja moja kila asubuhi, lakini mama mwenye shamba alitwambia hayo kwenye simu kabla hatujatuma hata shilingi. Korosho zilikuwa za mwisho mwisho, watoto wanaokota na kukonyoa. Jioni bibi wa pale anazikaanga kwenye bati lililotobolewa matundu, mafuta yakishika moto anamwaga mchanga, halafu anagonga na kijiti moja moja, kila mtoto akisogeza mkono anamwambia subiri mjukuu wangu, hayo mafuta yanababua. Mama yangu alikaa naye mpaka saa nne usiku wanaongea Kimakonde, sijamuona anacheka vile tangu baba afariki. Kesho yake tukaenda Shimo la Mungu, bonde lote la Ruvuma chini yako na Msumbiji ng'ambo.

Mwaka huu mama mwenye shamba tumeshamlipa advansi siku tano zote, bahari tutaionea Msimbati tukirudi. Ukienda beba blanketi, na watoto wavae nguo za zamani, maji ya bibo, lile tunda linaloshika korosho, yakiingia kwenye nguo hayatoki.