Jioni Namanga: ubaki Kenya au uvuke Tanzania?

Namanga ni mji mmoja wenye pande mbili, uko kwenye barabara ya Nairobi–Arusha, chini ya mlima Ol Doinyo Orok. Msafiri anayelala hapa huuliza: jioni nikae upande gani?

Upande wa Kenya sifa yake ni nyama choma. Unachagua mbuzi buchani, anapimwa kwa kilo, unangoja na Tusker baridi huku ugali na kachumbari vikiandaliwa. Ila sheria ya pombe ya 2010 inabana: katikati ya wiki baa za kawaida huuza kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku. Kwa anayeamkia Amboseli alfajiri, hapo panamfaa kabisa.

Upande wa Tanzania ndio ninaoupenda mimi. Chipsi mayai, mishkaki ya moto yenye pilipili na ndimu, Bongo Fleva, na mazungumzo yasiyo na haraka. Asubuhi kuna supu na chapati, na kwa mwenye safari ndefu ya Arusha hiyo ni nusu ya starehe yenyewe.

Lakini usivuke kiholela kwa ajili ya chakula cha jioni. Pitia kituo cha pamoja cha mpakani, ugonge pasipoti. Mgeni wa mbali akumbuke kwamba viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki ni ya Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo. Akiwa hana kibali cha Tanzania, abaki Kenya, ale mbuzi wake kwa amani.