Dola 1,400 za kuandaliwa kwa shahada ya uuguzi: darasa zuri, ofisi mbovu

Nina shahada ya biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ninaishi Columbus, Ohio, ambako kwa miaka minne nimehudumia wazee katika nyumba ya matunzo, kazi ya msaidizi wa muuguzi, ambayo Waswahili wa huku huiita kwa herufi zake tatu tu, CNA. Mtu aliyekwisha kupata shahada ya fani nyingine anaweza kusomea uuguzi hapa Marekani kwa njia fupi iliyo halali kabisa: programu iliyoanzia Saint Louis University mwaka 1971 na ambayo leo huchukua kati ya miezi 11 na 18, kutegemea chuo, kisha mhitimu akafanya mtihani wa leseni, NCLEX-RN, uleule anaoufanya aliyesoma miaka minne. Ugumu uko kwenye kuingia, na palipo na ugumu wa namna hiyo hapakosi mfanyabiashara. Mapitio haya yanahusu kampuni moja ya maandalizi niliyoilipa dola 1,400. Sitaitaja jina, kwa sababu mwalimu wake mmoja alinifaa zaidi ya hasara yote niliyotiwa na ofisi yake.

Kifurushi nilichonunua kilikuwa na mambo matatu: madarasa ya Jumamosi kumi ya kujiandaa na mtihani wa kuingilia unaoitwa TEAS, kusomewa na kusahihishiwa insha ya kujieleza, na kitu walichokiita usimamizi wa faili, yaani mtu wa ofisini anayekuongoza katika vyeti, masomo ya awali na fomu za maombi. Tulikuwa kumi na wanne, wengi wetu wabeba boksi wa usiku tuliokuja darasani macho mekundu: Wakenya, Wasomali, Wanepali, mimi Mtanzania, na dada mmoja wa Bukavu aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na ambaye Kiswahili chake kilinichangamsha kila asubuhi.

Naanza na darasa, kwa kuwa ndilo lililostahili fedha. TEAS ina maswali 170 yanayojibiwa kwa dakika 209, katika sehemu nne za ufahamu, hisabati, sayansi na lugha ya Kiingereza. Hisabati yake ni ya uwiano, asilimia na vipimo, na kikokotoo kipo kwenye skrini, hivyo mtu aliyesoma ECA (uchumi, biashara na uhasibu) kama mimi hawezi kuiogopa sana. Sayansi ndiyo iliyonikosesha usingizi: maswali 50 kwa dakika 60, na sehemu kubwa kuliko zote ni ya mwili wa binadamu, ilhali mara yangu ya mwisho kuchora moyo nilikuwa sekondari, na hata huo mchoro niliunakili kwa jirani.

Mwalimu wetu alikuwa muuguzi mstaafu wa chumba cha wagonjwa mahututi. Jumamosi ya tatu tulimkuta amesukuma meza zote ukutani na kubandika utepe wa gundi sakafuni ukawa vyumba vinne vya moyo, na nje ya vyumba hivyo viti viwili vilivyokuwa mapafu. Kila mmoja alipewa kadi ya buluu, akaambiwa kwamba yeye ni tone la damu lililorudi kutoka mguuni, atembee mpaka atoke kwenda mwilini tena, akitaja kila mlango anaoupita. Nilipofika chumba cha juu cha kulia nikaona cha kushoto kiko hapo hapo pembeni, nikavuka. Akanishika bega. “Kadi yako ni ya rangi gani?” Ya buluu. “Basi umempelekea mgonjwa wangu damu isiyo na oksijeni. Rudi ushuke chini, uende mapafuni ukaibadilishe.” Nilirudi, nikashuka chumba cha chini cha kulia, nikaenda kwenye viti, nikapewa kadi nyekundu, na siku ya mtihani lilipokuja swali la mzunguko wa damu nilijikuta nasogeza miguu chini ya meza. Jaribio la kwanza nyumbani nilikuwa nimepata asilimia 64. Mtihani wenyewe nikapata 81.3.

Insha pia aliisimamia yeye, ingawa kwenye tangazo la kampuni waliandika kwamba kuna jopo la wahakiki. Rasimu yangu ya kwanza ilianza na bibi yangu mgonjwa na ikaendelea kusema kwamba tangu utotoni nilitamani kuwasaidia watu. Alipigia mstari sentensi hiyo ya utotoni, akaniuliza ni nani kati ya wale kumi na wanne asingeweza kuiandika. Niliitupa, nikaandika kuhusu usiku mmoja kazini, nilipomlisha mzee mwenye maradhi ya kusahau nikaona uji unabaki shavuni na kikohozi kinakuja kila baada ya kijiko. Niliweka bakuli chini, nikamwita muuguzi wa zamu, na hapo mpaka wa kazi yangu ukawa umefika, nikabaki mlangoni nikitazama mwingine akiamua kitakachofuata. Aliikubali bila kuongeza neno, isipokuwa alifuta sifa tatu nilizokuwa nimejimwagia mwishoni.

Sasa ofisi. Chuo cha Marekani hakisomi alama za Dar es Salaam kama zilivyo, kwani GPA yetu, yaani wastani wa alama, huhesabiwa kwa kiwango cha 5 na ya kwao kwa 4. Kwa hiyo shahada ya nje hupelekwa kwanza kwenye taasisi ya kutathmini vyeti. Tathmini ziko za namna mbili: fupi, inayosema tu kwamba shahada yako ni sawa na shahada ya Marekani, na ndefu, ya somo kwa somo, inayoonyesha kila kozi, saa zake na alama yake. Vyuo vya uuguzi nilivyoomba vyote vilitaka hiyo ndefu. Msimamizi wa faili yangu alinilipisha fupi. Nilipogundua nililipa tena, kwa fedha zangu, na jibu nililopewa ni kwamba fupi “haikuwa na madhara.” Isitoshe, alinihakikishia kwamba nakala iliyogongwa muhuri wa wakili ingetosha kama matokeo ya chuo, ilhali taasisi ilitaka matokeo yatoke Mlimani moja kwa moja, katika bahasha iliyofungwa na chuo chenyewe. Ilinibidi nimsumbue binamu yangu, aliyeomba ruhusa kazini mara mbili kwenda kufuatilia. Miezi mitatu ilikatika hapo, na dirisha la maombi la chuo cha kwanza likafungwa machoni pangu.

Masomo ya awali nayo yana hadithi yake. Karibu kila chuo kitakudai anatomia na fiziolojia ya mihula miwili pamoja na maabara, mikrobiolojia, kemia, takwimu, lishe na saikolojia ya makuzi, na vyuo vingi havipokei somo la sayansi lililopita miaka fulani, mara nyingi mitano au saba. Mtu mwangalifu huanza kwa kuorodhesha vyuo anavyovitaka, kisha huchagua masomo kwa kufuata masharti yao. Ofisi ilifanya kinyume: ilinisajili mikrobiolojia ya mtandaoni isiyo na maabara kwa sababu ilikuwa inaanza wiki ile, na vyuo viwili kati ya vitatu nilivyovichagua baadaye vikaikataa. Niliirudia katika chuo cha jamii, jioni, na sikujuta kuirudia, kwa maana kupaka sampuli kwenye kioo na kuitia rangi ya Gram, ya kutofautisha bakteria, kwa mkono wako ni jambo ambalo video haikufundishi. Lakini muhula mzima uliongezeka. Programu niliyoingia ni ya miezi 15. Maandalizi yake yalinichukua miezi 22.

Kuhusu fedha, siku ya kujiandikisha tuliambiwa kwamba serikali “ina misaada tele kwa wauguzi.” Ukweli ni kwamba ruzuku ya serikali kuu inayojulikana zaidi, Pell, haitolewi kwa mtu ambaye tayari ana shahada ya kwanza, na shahada iliyopatikana nje ya Marekani inahesabiwa vilevile. Kinachobaki upande wa serikali kuu kwa wengi wetu ni mkopo, ambao kwa mwanafunzi anayejitegemea kwenye masomo ya shahada ya kwanza hauzidi dola 12,500 kwa mwaka, na hata huo ni kwa raia, wenye grini kadi, wakimbizi na waliopewa hifadhi; mwenye viza ya mwanafunzi hayumo. Chuo kilichonipokea kilinitajia ada inayozidi dola 50,000. Wawili darasani waliijua habari ya Pell baada ya kupata barua za kukubaliwa, na mmoja wao akaahirisha. Sidhani kwamba ofisi ilidanganya kwa makusudi. Nadhani haikujua, na kwa mtu anayetoza ada ya ushauri sioni tofauti kubwa.

Jambo lililonitoa imani kabisa ni orodha ya vyuo waliyotugawia. Chuo kimojawapo nilikitafuta katika orodha za CCNE na ACEN, mbili kati ya taasisi zinazotoa ithibati kwa programu za uuguzi, sikukiona katika yoyote. Tangu Januari 2023, serikali ya Marekani ilipotangaza kushtakiwa kwa watu 25 katika kashfa ya vyeti bandia zaidi ya 7,600 vilivyouzwa na vyuo vya uuguzi vya Florida, kila mtu anayeomba anapaswa kuanzia hapo: ithibati kwanza, kisha idhini ya bodi ya uuguzi ya jimbo, kisha asilimia ya wahitimu wanaofaulu NCLEX kwa mara ya kwanza. Kuangalia kwenyewe ni bure na hakumalizi nusu saa. Nilipowaonyesha, walisema wangeifanyia orodha marekebisho. Muhula uliofuata rafiki yangu alipewa orodha ileile.

Nisiwanyime haki yao katika jambo moja. Mama wa mapokezi, ambaye hakuwa mshauri wa chochote, aliniona na kovu la chanjo begani akaniambia nisikubali kipimo cha kifua kikuu cha kudungwa ngozini, bali niombe cha damu, kwa sababu sisi tuliochanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, tunaweza kuonekana na maambukizi tusiyokuwa nayo, kisha tukasukumwa kwenye picha za eksirei huku tarehe ya kuanza mazoezi hospitalini ikikaribia. Nilifanya kama alivyosema. Wenzangu wawili programuni, waliojiandaa wenyewe, walihangaika na jambo hilo wiki nzima.

Kwa hiyo darasa nalipatia nyota tano, insha nne, na ofisi nyota moja, ambayo ni ya mama wa mapokezi. Kampuni hiyo siku hizi inauza madarasa peke yake kwa dola 450, ingawa tangazo lake halisemi. Ni mpaka upige simu uulize. Fomu za maombi, kwa vyuo vinavyotumia NursingCAS, mfumo wa mtandaoni wa kuombea vyuo vya uuguzi, utazijaza mwenyewe kwa jioni mbili tatu, ukiwa na tathmini ya somo kwa somo mezani na karatasi uliyoandika masharti ya kila chuo kwa mkono wako. Ukipiga simu, omba kundi la Jumamosi asubuhi. La Jumanne usiku linafundishwa na mtu mwingine, kwa slaidi.