Kompyuta ya sebuleni isiyopiga kelele: vifaa vipi vinunuliwe, na vipi vikae dukani

Ukitaka kompyuta ya kutazamia televisheni ambayo haisikiki, usianze na feni. Ndiko wengi wanakoanzia, kwa kuwa feni za kimya zinatangazwa sana, lakini feni ni mtumishi tu wa joto. Prosesa inayokula wati 6 inaweza kukaa bila feni kabisa. Inayokula wati 120 itaidai feni ikimbie, iwe imetengenezwa na nani. Kwa hiyo machaguo ya hapa yamepangwa kwa kigezo kimoja: joto linalozalishwa picha inapotembea kwenye skrini. Nguvu ya michezo, idadi ya viini na taa za rangirangi nimeviweka nyuma makusudi.

Hesabu ya sauti nayo inafaa kujulikana kabla ya kufungua pochi. Chumba kilichotulia usiku huwa na kama desibeli 30. Sikio huchukulia nyongeza ya desibeli 10 kuwa sauti iliyokua maradufu, ilhali feni mbili zinazofanana, zikiwaka pamoja, huzidi moja kwa desibeli 3 tu. Maana yake, kuondoa feni moja kati ya mbili hakukupi ulichotarajia. Kinachoudhi ni ile moja yenye kelele kuliko zote, hasa ikiwa inapandisha na kushusha kasi kila mara. Mvumo usiobadilika sikio huuzoea upesi. Unaopanda na kushuka halizoei kamwe, na mazungumzo ya kunong'ona kwenye filamu ndipo utakapousikia.

Soma kodeki kabla ya kusoma megahezi

Video hufika ikiwa imebanwa kwa njia maalumu, ndiyo iitwayo kodeki, na lazima kuwe na kitu cha kuifumua. Matangazo mengi ya kawaida ya televisheni bado yanatumia MPEG-2, ya HD hutumia sana H.264 ya mwaka 2003, ya 4K hutumia HEVC ya 2013, na YouTube inapenda VP9 na AV1, hii ya mwisho ikiwa imetolewa 2018. Ndani ya chipu za kisasa kuna saketi maalumu ya kufumua kodeki hizi kwa wati chache. Chipu isiyo na saketi ya kodeki fulani hulazimika kuvitumia viini vyake vikuu: umeme unaruka, joto linapanda, feni inaamka. Ndiyo maana kompyuta ileile inaweza kuwa bubu kwenye filamu moja na kuunguruma kwenye nyingine, na mwenyewe akailaumu feni.

Kwa leo, tafuta chipu inayofumua HEVC ya biti 10 (bila hiyo HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana zaidi, ni ndoto), VP9 na AV1. Kwa Intel, AV1 ilianza na prosesa za Core za kizazi cha 11. Kwa AMD za mezani, ilianza na Ryzen 7000. Ryzen 5 5600G, ambayo bado inasifiwa kwa kazi hii, haina saketi ya AV1. Ni chipu nzuri iliyopitwa na wakati katika jambo hili moja. Na jihadhari na herufi F mwishoni mwa jina la prosesa, iwe ya Intel au AMD: hiyo haina grafiki za ndani, itakulazimisha ununue kadi ya grafiki, na kadi ya grafiki ni feni nyingine.

Nafasi ya kwanza: mazabodi yenye Intel N100

Kwa mtu anayetaka kutazama tu, sioni sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapa. N100 ilitoka 2023, ina viini vinne, imekadiriwa wati 6, na inafumua kodeki zote nilizozitaja. Huja ikiwa imeshachomelewa kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), kwa hiyo hakuna kuchagua soketi wala kupaka pesti ya joto. ASRock N100DC-ITX na ASUS Prime N100I-D D4 zote zina hitisinki tupu (chuma cha kutawanya joto), bila feni. Ya ASRock naipenda zaidi kwa sababu inapokea umeme wa volti 19 moja kwa moja kutoka adapta ya nje, kama laptopu. Pawa saplai inatoka kabisa ndani ya kasha, na feni yake inatoka nayo.

Udhaifu wake upo. Ina njia moja tu ya kumbukumbu, kurasa nzito za wavuti huifanya isitesite, na michezo ya kisasa usiiwaze. RAM ya GB 8 inatosha. Kumbuka pia kwamba kukosa feni si kukosa joto: hitisinki inahitaji hewa inayopita, kwa hiyo kuiweka ndani ya kabati lililofungwa nyuma ni kuipika.

Onyo moja. Kompyuta ndogo nyingi zinazouzwa zikiwa tayari na N100 ndani zina feni ndogo iliyofichwa. Jina la chipu si dhamana ya ukimya; angalia picha za ndani, au neno la wazi kwamba haina feni.

Nafasi ya pili: Core i3-12100 au Ryzen 5 8600G, na kipozajoto kikubwa

Hii ni ya nyumba ambayo kompyuta ya sebuleni inafanya na mengine: michezo kidogo, kuhifadhi na kugawa video kwa simu na vishikwambi, kazi za shule. 8600G ndiyo yenye grafiki za ndani zenye nguvu zaidi kati ya hizo mbili, na i3 ni tulivu zaidi ikiwa huchezi michezo. Zote zinafumua AV1.

Siri ya kundi hili iko kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka. Ingia humo uweke kikomo cha umeme: i3-12100 inaweza kupanda hadi wati 89 ikiachiwa, na 8600G yenye wati 65 inakubali kushushwa hadi 45. Kwa kutazama televisheni hutaona tofauti, ila utaisikia. Ukiwa humohumo, panga mwendo wa feni upande polepole na uchelewe kuitikia joto la ghafla. Kazi hii haina gharama, na inapunguza kero kuliko kubadilisha feni.

Kipozajoto kinategemea urefu wa kasha, na hapa ndipo wengi wanapojifunga. Makasha membamba yanayofanana na deki ni mazuri kwa macho, lakini mengi hayaruhusu kipozajoto kirefu. Noctua NH-L9i ina urefu wa milimita 37 na feni ya milimita 92; inatosha kwa i3 iliyowekewa kikomo, lakini haina akiba. NH-L12S ina milimita 70 na feni ya 120, na tofauti yake kwa sikio ni kubwa. Feni pana husukuma hewa ileile kwa mizunguko michache, na mlio wake ni mzito, wa chini. Feni ya milimita 40 hulia kama mbu. Kama una nafasi ya kasha refu, kuna NH-P1 ya mwaka 2021, kipozajoto cha milimita 158 kisichohitaji feni kabisa. Ni kikubwa kiasi cha kuchekesha.

Njia nyingine ni makasha ya Streacom au HDPLEX, ambapo mirija ya shaba hupeleka joto la prosesa kwenye kuta za kasha lenyewe. Yanapendeza na yanafanya kazi, ila ni ghali, na kuyafunga kunahitaji uvumilivu. Ninayashauri kwa anayependa kitu chenyewe, si kwa anayetaka kutazama taarifa ya habari.

Nafasi ya tatu: kompyuta ndogo zilizotumika ofisini

Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini. Ofisi zikibadilisha vifaa, hizi humwagika sokoni kwa bei nafuu, na kwa mwenye bajeti ndogo sina cha kuzishinda. Chukua yenye Intel ya kizazi cha 7 au zaidi, ndiyo inayofumua HEVC ya biti 10. AV1 haimo hadi kizazi cha 11, kwa hiyo YouTube itabidi ikupe VP9.

Mitego ni miwili. Feni zao ni ndogo: zikikaa bila kazi huwezi kuzisikia, zikipewa kazi zinapiga mluzi. Fungua, toa vumbi, badilisha pesti ya joto, na nusu ya mluzi huisha. Pili, nyingi zina DisplayPort, si HDMI ya maana. HDMI 1.4 hutoa 4K kwa hezi 30 tu, na kusogeza menyu juu yake ni adhabu. Unahitaji kigeuzi hai cha DisplayPort kwenda HDMI 2.0 ili upate hezi 60.

Nafasi ya nne: Raspberry Pi

Pi 5 ya 2023 ndani ya kasha la alumini haina sauti yoyote, na ukiweka mfumo wa LibreELEC unapata Kodi safi, programu ya kutazamia video na kupanga maktaba, ndani ya dakika chache. Tena rimoti ya televisheni huiongoza moja kwa moja kupitia kebo ya HDMI, uwezo uitwao CEC, jambo ambalo kompyuta nyingine kwa kawaida haziliwezi. Lakini saketi yake inafumua HEVC pekee, H.264 inaachiwa viini, ambavyo vinaimudu 1080p bila shida, na VP9 na AV1 za 4K ndizo zinazoielemea. Kwa maktaba ya filamu zako mwenyewe, ni sawa. Kwa kuvinjari huduma za mtandaoni, hapana.

Ya mwisho, na ningeiacha dukani, ni kompyuta ya michezo iliyozeeka pamoja na kadi yake ya grafiki. Watu huona wanaokoa pesa, kumbe wanaleta feni nne sebuleni.

Vilivyobaki

Pawa saplai: kama adapta ya nje haiwezekani, chukua ya ukubwa wa ATX au SFX ambayo feni yake husimama mzigo ukiwa mdogo. Usishawishike na wati nyingi. Mashine hizi hazifiki 150. Zile nyembamba za Flex ATX zina feni ya milimita 40, na nimeshasema hiyo inalia vipi.

Diski: SSD ndani, basi. Diski ya kuzunguka ina kelele mbili, mvumo wa injini na mtikisiko unaopita kwenye kasha hadi kwenye rafu ya mbao, na rafu hiyo huukuza. Ukiwa na video nyingi, weka diski kubwa kwenye chumba kingine na uivute kwa kebo ya mtandao. Gigabiti moja inatosha hata kwa Ultra HD Blu-ray, ambayo kilele chake hakifiki megabiti 150 kwa sekunde. Kurekodi chaneli ya HD ya megabiti 8 hula GB 3.6 kwa saa, kwa hiyo SSD ya TB 1 inabeba vipindi vingi kuliko utakavyotazama.

Tyuna, yaani kipokezi cha matangazo ya antena au dishi: hakikisha inalingana na mfumo wa matangazo wa nchi yako, DVB-T2, DVB-S2, ATSC au mwingine. Za USB ni rahisi, ila tyuna ya mtandao kama HDHomeRun inakaa karibu na antena na kuipunguzia sebule waya na joto. Chaneli za kulipia zilizofungwa kwa kadi usizihesabu. Kwa kawaida king'amuzi chake kitabaki pale pale.

Programu inagusa ununuzi kwa namna moja inayouma. Netflix hutoa 4K kwenye Windows kupitia kivinjari cha Edge au programu yake, haitoi kwenye Linux. Kama 4K ya huduma za kulipia ndiyo haja yako kubwa, kijiti cha kuchomeka kwenye televisheni kitakufaa kuliko mashine yoyote niliyoitaja, na hakina feni. Kompyuta hulipa pale unapotaka kurekodi, kupanga maktaba yako, na kutazama bila kuamuliwa na duka la programu. Ukitumia Kodi, washa mpangilio unaobadilisha hezi za skrini zifuate video, la sivyo filamu za fremu 23.976 zitakuwa zikikwamakwama kwenye skrini ya hezi 60 na utadhani prosesa haitoshi.

Rimoti nunua mwisho, lakini usiisahau. Kwa kuwa grafiki za kompyuta kwa kawaida hazina CEC, utahitaji kipokezi cha FLIRC kinachojifunza vitufe vya rimoti yoyote ya infraredi uliyonayo, au kibodi ndogo isiyo na waya. Ukichagua kibodi, usichomeke kipokezi chake kando ya diski ya USB 3: bandari hizo hutoa usumbufu karibu na mawimbi ya gigahezi 2.4, jambo ambalo Intel yenyewe ililieleza 2012, na vitufe vitaanza kuruka herufi. Kitumie kwenye bandari ya USB 2.0, au kivute mbele ya kabati kwa kebo fupi ya kurefushia.