Nilidhani chai ya kijani ni mbaya, kumbe ni mimi

Kwa muda mrefu niliinywa chai ya kijani kama dawa: macho nimeyafumba, uso nimeukunja. Nilikuwa natumia ya vifuko. Naimiminia maji yanayotokota, naisahau mezani dakika kumi, halafu naja kulalamikia ukakasi unaokamata ulimi kama tunda bichi.

Miezi miwili iliyopita nilinunua pakiti ya sencha, chai ya kijani ya Kijapani, ya majani, gramu 100. Kabla sijaifungua nilipasua kifuko kimoja cha zamani nilinganishe. Ndani mlikuwa na vumbi la rangi ya udongo, linanuka karatasi. Sencha ni vijani vyembamba kama sindano, kijani iliyokolea, harufu ya nyasi iliyokatwa sasa hivi. Mmea ni uleule wa chai nyeusi. Tofauti ni kwamba haya hupigwa mvuke mapema baada ya kuchumwa, kwa hiyo katekini, ambazo ndizo antioksidanti zenyewe (viambato vya kulinda seli ambavyo watu huvifuata kwenye chai hii), hubaki nyingi.

Natumia gramu 2 kwa mililita 200. Kipimajoto sina, kwa hiyo nachemsha maji, naacha birika wazi yapoe hadi kama nyuzi 80, kisha naloweka dakika tatu. Watu husema maji ya moto sana “yanaua” antioksidanti. Sikubaliani nao: kwa dakika hizo chache, maji ya moto zaidi huchota katekini nyingi zaidi. Shida ni kwamba huchota pia kafeini na ule ukakasi, na kikombe kikikushinda kunywa kimekufaa nini? Mimi nachukua njia ya kati, halafu majani yaleyale nayamwagia maji mara ya pili, safari hii ya moto zaidi. Naongeza matone ya limau, maana asidi yake huzifanya katekini zisiharibike upesi. Maziwa hapana. Na siinywi pamoja na chakula, kwa sababu chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Nangoja kama saa moja.

Nilijaribu na gyokuro, chai nyingine ya kijani ya Kijapani. Tamu kweli, laini, lakini hukuzwa kivulini na katekini zake ni kidogo kuliko za sencha. Hiyo ni ya starehe.

Kilichoniudhi ni muuzaji. Ndani ya pakiti alitia karatasi ya kunadi vidonge vya chai ya kijani “vyenye nguvu mara kumi”. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilionya kwamba EGCG, katekini kuu ya chai ya kijani, ikiwa ya vidonge kuanzia miligramu 800 kwa siku inaweza kuathiri ini. Karatasi ikaenda kwenye takataka.

Halafu zipu ya pakiti iliacha kufunga wiki ya tatu, na hewa na mwanga ndio maadui wa majani haya. Nimeyahamishia kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kubana. Nitanunua tena, ila pakiti ya gramu 50, iishe kabla harufu ya nyasi haijatoka.