Kuzu ipi ununue? Geuza pakiti kwanza

Kuzu ni mmea utambaao wa Japani. Wanga wa mizizi yake, nao huitwa kuzu, ndio unaogandisha tofu ya ufuta (donge laini la ufuta uliosagwa), ndio tambi za kuzukiri, ndio uji mwepesi wa kuzuyu. Bei yake humshtua mgeni, lakini kazi yake ni kubwa: mizizi huchimbwa milimani majira ya baridi, ikapondwa, kisha wanga ukaoshwa kwa maji baridi, ukatuama, maji yakamwagwa, ukaoshwa tena na tena hadi uwe mweupe. Kukausha nako huchukua majuma. Kilo 10 za mizizi zikikupa kilo 1 ya wanga, shukuru.

Nafasi ya kwanza ni hon-kuzu, 本葛, yaani kuzu tupu. Inayovuma ni ya Yoshino, mkoani Nara. Ya Akizuki, kule Fukuoka, sioni kama inapitwa. Ila hapo kwenye jina la Yoshino ndipo wengi hunaswa. "Yoshino hon-kuzu" ni kuzu tupu. "Yoshino kuzu", bila hilo "hon", kwa kawaida imechanganywa na wanga wa viazi vitamu. Kwa hiyo geuza pakiti: ukiona 甘藷でん粉, hivyo ni viazi vitamu, 馬鈴薯でん粉 ni viazi mviringo. Kilichotajwa kwanza ndicho kingi. Na ukikuta madonge kama chaki iliyovunjika, usidhani umeharibika, ndivyo ulivyo. Ponda, koroga katika maji baridi, chuja, ndipo uweke motoni.

Mchanganyiko naupa nafasi ya pili, na siuoni kuwa ulaghai maadamu umeandikwa. Kwa kuzumochi, kitamu laini cha kuzu, ya kula na watoto unatosha kabisa. Kwa tofu ya ufuta mimi siutumii. Ule ulaini unaonyumbuka haupatikani.

Ya tatu ni katakuriko, wanga mwingine wa Kijapani. Zamani ilitokana na mmea wa katakuri, siku hizi ni viazi mviringo, vingi vya Hokkaido. Kama unataka tu kuufanya mchuzi uwe mzito, iweke ya kwanza, pesa yako ibaki mfukoni. Kasoro yake ni kwamba mchuzi ukikaa hulegea upesi kuliko wa kuzu.

Usinunue unga wa mzizi mzima wa kuzu, ule wa dawa, ukitarajia ugande: huo si wanga uliooshwa. Tena pakiti za Kiingereza huiita kuzu "arrowroot" ya Kijapani. Mkenya aliyezoea kuiita nduma kwa jina hilo asije akatafuta nduma ndani.

Anza na gramu 100. Pika kuzukiri, mwagia shira ya sukari nyeusi, ule papo hapo. Ikikaa hugeuka nyeupe na ule mng'ao wa kioo ulioulipia hutauona.